Ruhusa ya Kufuta

Niseme mapema ili tusianze kwa kusingiziana: ile programu mpya sikuichukia kwa sababu ni mpya. Niliichukia kwa sababu ya madaha yake.

Kazi yangu ni kutunza kompyuta za hospitali, zile kubwa zinazokaa kwenye chumba cha baridi na kuhudumia maabara, duka la dawa na chumba cha eksirei. Zote zinaendeshwa na mfumo uitwao Linux. Ndani ya kila moja kuna chombo cha kusimamia vifurushi, yaani programu ambayo kazi yake ni kuweka programu nyingine, kuzisasisha na kuzifuta. Unaandika amri ya maneno mawili matatu, unabonyeza Enter, kazi inafanyika. Chombo chetu cha zamani tulikiita Mzee. Mzee hakuwa mtu wa maneno. Mambo yakiwa shwari alinyamaza, na kukiwa na tatizo aliandika mstari mmoja mkavu, basi.

Kipya kilipoletwa tulikibatiza Bwana Harusi, maana kilikuja kimepambwa. Rangi, majedwali, mstari unaojaa polepole kuonyesha kazi imefika wapi, na kisanduku kinachouliza “Ndiyo” au “Hapana”, ambamo jibu lililochaguliwa unalijua kwa rangi yake tu. Wenzangu walikisifia mpaka nikachoka kusikia.

Shemeji yangu, mume wa dada, anafanya kazi chumba hicho hicho, tumepeana migongo. Yeye ndiye aliyenitangulia hapa, na ndiye aliyenipa jina la Pilipili, ambalo siku hizi hata wauguzi wanalitumia bila kuona haya. Macho yake yaliondoka taratibu kwa ugonjwa wa presha ya macho, kwanza pembeni, halafu katikati, mpaka akabaki gizani. Kazi hakuiacha. Alijifunza upya kwa masikio. Kuna programu inayomsomea skrini kwa sauti, naye ameiongeza mwendo kiasi kwamba mtu mwingine akiisikia anaambulia kelele. Niliwahi kuvaa hedifoni zake nikazivua haraka, kichwa kinaniuma. Yeye huzisikiliza huku anakunywa chai na kunisimanga.

Kwa mtu wa namna hiyo, Mzee alikuwa rafiki. Mstari mmoja, nukta, kimya. Bwana Harusi siku ya kwanza alimsomea hivi: asilimia moja, asilimia mbili, mstari, mstari, mstari, asilimia tatu. Alipofika kwenye kisanduku akasikia “Ndiyo, Hapana”, bila kuambiwa lipi ndilo lililochaguliwa. Shemeji akavua hedifoni, akaziweka mezani.

“Pilipili,” akasema, “huyu bwana anaongea sana na hasemi kitu.”

Nilicheka. Kicheko kilinikauka kwenye kikao cha wiki ile.

Mkuu wetu wa kitengo si mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwa sababu mtu mbaya ni rahisi kugombana naye. Alieleza kwa upole kwamba waliomtengeneza Mzee wameacha kumtunza, matundu yake ya usalama hayazibwi tena, na hospitali haiwezi kukaa na mlango usiofungika. Mzee aondolewe kwenye kompyuta zote. Hapo alisema kweli. Halafu akageukia upande wa Shemeji na kuongeza kwamba “tumekufikiria pia”. Kule mapokezi kuna kiti cha kupokea simu. Kazi safi, haina presha.

Shemeji alikuwa ameshika fimbo yake nyeupe, akawa anaikunja na kuikunjua.

Jioni Dada akanipigia. Dada hana salamu akiwa na jambo.

“Akipelekwa kwenye simu, atakaa pale anasema ‘subiri nikuunganishe’ mpaka astaafu,” akasema. “Mume wangu namjua. Macho yalipokwisha hakulia. Alisema mikono bado anayo. Wakimnyang’anya kazi ya mikono atanyauka humu ndani nikimtazama. Fanya kitu.”

“Nifanye nini, Dada?”

“Si ndiyo kazi yenu hiyo, kuzirekebisha hizo programu? Zirekebishe.”

Kesho yake nikaenda kwa Mkuu na hoja niliyoipika usiku kucha kichwani. Nikamwambia tumwondoe Mzee, lakini jina lake libaki. Nitatengeneza tabaka jembamba katikati: mtu akiandika amri ya zamani, tabaka linaipokea, linaitafsiri kwa Bwana Harusi, kisha linarudisha jibu kwa sura ya zamani, bila rangi, bila asilimia, bila kisanduku. Nikamkumbusha pia kwamba kuna skripti chungu nzima, yaani orodha za amri zinazojiendesha zenyewe, zilizoandikwa na watu walioshaacha kazi, zinazomwita Mzee kwa jina kila siku. Mzee akitoweka ghafla, zote zitakwama na hatutajua pa kuanzia. Hiyo haikuwa hila. Ilikuwa kweli tupu.

Mkuu alifikiri, akakubali. Nilipokuwa nimeshika kitasa cha mlango akaniita.

“Fundi, sharti moja. Amri za shemeji yako za kufuta zipitie kwako kwanza. Akitaka kufuta chochote, wewe uone na uidhinishe.”

“Hajawahi kufuta kisichofutwa.”

“Sijasema amewahi. Hii ni hospitali. Kikifutwa kitu kimoja kisichopaswa, maabara inasimama, na kuna mgonjwa kitandani anasubiri majibu ya damu. Na usimwambie, tusimvunje moyo.”

Mimi, ninayesifika kwa mdomo, nikaumeza. Nilijiambia bora nusu shari. Nikakubali shingo upande, nikatoka, na Shemeji sikumwambia.

Kutengeneza lile tabaka kulinitoa jasho kuliko nilivyodhani. Ukitaka kipya kifanane na cha zamani, lazima ukiige mpaka upuuzi wake. Mzee, kwa mfano, alianza kila mstari kwa nafasi mbili tupu, hakuna ajuaye kwa nini. Mimi nikaziacha, nikidhani ni takataka. Skripti ya maabara ikakwama papo hapo, maana aliyeiandika alikuwa amehesabu zile nafasi mbili na kuzitegemea. Nikazirudisha. Mzee alikubali maneno yakipinduliwa, la mwisho likatangulia; nami nikafundisha tabaka likubali. Mzee alinyamaza baada ya kufanikiwa. Nikaliziba mdomo tabaka linyamaze. Shemeji alikuwa mkaguzi wangu. Nilimpa kila nilichomaliza, naye alisikiliza huku ameinamisha kichwa.

“Hapa Mzee alikuwa hasemi ‘tafadhali’,” akaniambia mara moja.

“Nimeongeza adabu.”

“Iondoe. Sitaki mashine inayonibembeleza.”

Siku tulipoliwasha kwenye kompyuta zote, alifanya kazi asubuhi nzima bila kusimama. Alisasisha programu za duka la dawa, akaweka mpya kwa watu wa eksirei, akawa anaimba kwa pua. Alipokwenda nyumbani alimwambia Dada kwamba shemeji yake amemfufua Mzee kutoka kaburini. Dada akanipigia kunisimulia hayo maneno, na safari hii alianza kwa salamu. Nikajiona nimefanya jambo kubwa duniani.

Kwa lile sharti la Mkuu, kidirisha kidogo cha idhini kilikuwa kinatokea pembeni mwa skrini yangu. Shemeji akiandika amri ya kufuta, amri inasimama, mimi napata ujumbe, nabonyeza, inaendelea. Nikiwa mezani nilibonyeza upesi ili asihisi. Hakukuwa na siku niliyokataa, kwa kuwa hakukuwa na la kukataa. Ikawa desturi ya mkono tu.

Asubuhi moja akaniomba nikamchukulie chai kantini. Nikashangaa, kwa sababu chai yake huifuata mwenyewe na ngazi zile anazijua kuliko mimi. Nikaenda. Niliporudi nikamwekea kikombe karibu na mkono, nikaketi, nikakuta kidirisha kinaningoja: Shemeji anaomba kufuta programu ya printa ambayo tulishaitupa zamani. Nikabonyeza.

Nyuma yangu akacheka kidogo, kicheko kisicho na raha. Nikasikia vidole vyake vikiandika tena. Kidirisha kingine kikatokea. Sijui kwa nini, lakini safari hii mkono ulikataa kunyanyuka.

“Mbona hubonyezi?” akauliza.

“Nini?”

“Wewe unapiga Enter kama unaua mende. Kila nikifuta kitu nasubiri, nasubiri, nasikia mende amekufa, halafu kazi yangu inaendelea. Mwanzoni nililaumu mashine, masikini ya Mungu. Leo nimekutuma kantini. Hukuwepo, hakuna mende, na hakuna kazi. Umerudi, umeketi, mende kafa, kazi imeisha.” Akageuza kiti. “Nani mwingine yumo humu ndani, Pilipili?”

Nilimweleza. Sikuficha kitu, tena nilieleza haraka haraka, na kila sentensi niliianza na “Mkuu”.

“Najua sharti si lako,” akasema. “Lako ni kutoniambia.”

“Nilitaka ubaki.”

“Najua pia.” Alikuwa ametulia, na mimi ningefurahi kama angefoka, maana kufoka nakuweza. “Mzee alikuwa ananitii. Nikimwambia futa, anafuta, na nikikosea ni mimi niliyekosea. Wewe umenirudishia jina lake, umenirudishia sauti yake, mpaka nafasi zake mbili za kipuuzi umezirudisha. Utii umebaki nao wewe. Sasa hapo umenirudishia nini?”

Akageukia meza yake, akanywa chai aliyonituma. Mchana alikwenda kwa Mkuu peke yake. Aliporudi akaanza kufungasha vitu vyake kwenye begi. Alikuwa ameandika ombi la kwenda kwenye simu.

Jumamosi nilikwenda kwao. Dada alinifungulia mlango, akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

“Ingia,” akasema. “Amekaa na soksi tangu asubuhi. Nilikuomba umsaidie, sikukuomba umchunge.”

Shemeji alikuwa sebuleni, kapu la nguo zilizofuliwa liko miguuni pake, anapanga soksi kwa kupapasa. Alizinyoosha mapajani, akasikiliza kitambaa kwa vidole, akakunja jozi na kuitupa kitini. Niliketi mkabala naye. Nilikuja na hotuba. Yote ikanipotea, nikasema moja tu, kwamba naomba radhi.

“Radhi nimekupa,” akasema. “Kwenye simu naenda vilevile.”

“Kwa nini? Kama ni hasira zako kwangu, nipige mimi, usijipige mwenyewe.”

“Kwa sababu kule watu watajua ninachofanya, na mimi nitajua. Nikisema ‘subiri nikuunganishe’, ni mimi nimesema.” Akaokota soksi nyingine. “Nikuulize. Wewe ukifuta kitu kwenye zile kompyuta, nani anakuangalia?”

“Hakuna.”

“Mkuu akifuta?”

“Hakuna.”

“Haya. Mimi nilipokuwa naona nilikosea mara nyingi, na nyinyi mnaona na mnakosea. Kuangaliwa sikatai, Pilipili. Ninachokataa ni kuangaliwa nisijue, na kuangaliwa peke yangu.” Akaninyooshea soksi mbili, nikazipokea. “Hizi ni jozi?”

“Hapana. Moja nyeusi, moja bluu.”

“Asante. Umeona? Nimeuliza, umejibu, hakuna aliyekufa.”

Dada alikuwa amesimama mlangoni muda wote ule. Alikuja, akachukua ile ya bluu mkononi mwangu, akaketi kitini juu ya jozi zote zilizokwisha kupangwa na kuanza kuitafutia mwenzake kapuni. Sikuaga vizuri. Nilikuwa nimeshaanza kuandika tabaka upya kichwani.

Jumatatu sikubisha hodi kwa Mkuu kama inavyopasa. Nilibisha huku naingia.

“Unaogopa maabara kusimama,” nikamwambia.

“Naogopa. Naamka usingizini kwa ajili ya hilo.”

“Basi umeogopa kidogo mno. Umemwogopa mtu mmoja. Mimi niliye na macho mawili huna shaka nami, na usiku wa manane ninaweza kufuta chumba kizima cha eksirei kwa usingizi tu. Tuweke hivi: yeyote anayefuta, mwingine anasoma kwanza na kukubali. Kila mtu anajua, kila mtu anaona jina la aliyemkubalia. Mimi, Shemeji, wenzetu wote, na wewe.”

“Hata mimi?”

“Wewe zaidi, Mkuu.”

Ulimi wangu haukunipa nafasi ya kufikiri. Alinitazama, nikaanza kujiuliza kama mapokezi kuna viti viwili. Kisha akajikuna shingo, akacheka kwa aibu kidogo.

“Na ombi lake la kwenda kwenye simu? Ameliandika mwenyewe.”

“Mwulize mwenyewe. Mnatenganishwa na ukuta mmoja.”

Alikwenda. Hilo nampa sifa zake. Alisimama kando ya meza ya Shemeji, mikono ameifunga nyuma, akamwambia, “Lile sharti nilitakiwa kukuambia wewe usoni. Nilikosa.” Akamweleza utaratibu mpya. Shemeji alisikiliza na begi lake lililofungashwa likiwa juu ya meza.

“Na amri zake yeye,” akauliza, akinielekezea kidevu, “zitakuja kwangu?”

“Zitakuja kwako,” Mkuu akasema.

“Niache nifikirie.”

Hakufikiria sana. Mchana begi lilikuwa tupu na hedifoni ziko kichwani.

Nikalirekebisha tabaka mbele yake, nikimsomea kila mstari kwa sauti ingawa angeweza kuusikia mwenyewe. Kazi ya mwisho iliyobaki ilikuwa ya kuhitimisha yote: kumfuta Mzee halisi kwenye kompyuta ya maabara, ya mwisho ambamo alikuwa bado anaishi. Amri ni fupi. Nikaiandika, nikabonyeza.

Haikwenda. Kwenye skrini yangu ukatokea mstari mmoja, wa wazi, bila rangi: inasubiri idhini. Chini yake jina la Shemeji.

Nikangoja. Nyuma yangu nilisikia ile kelele ya kasi kwenye hedifoni zake, ikasoma ikaisha. Akairudia tangu mwanzo. Mikono yangu ilikuwa juu ya kibodi, haina la kufanya. Mkuu alikuwa amesimama mlangoni anatazama, wenzetu wanatuangalia, nami mjuzi wa miaka yote hiyo nimekaa kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda chooni. Nilitaka kugeuka nimwambie jamani, si unajua ninachofanya, nimelitengeneza mimi. Ndipo nikajua jinsi alivyokaa siku zote zile, mimi nikiwa kantini, mimi nikiwa kwenye simu, mimi nikichelewa tu kwa uvivu. Niliona aibu mpaka machozi yakanilenga.

Jibu likaja kwenye skrini yangu. Hapana.

Nikageuka na kiti chote. “Hapana? Kwa nini? Kuna nini ambacho hakijajaribiwa?”

“Kila kitu kimejaribiwa,” akasema Shemeji. “Nimesoma yote mara mbili, ni sawa kabisa.”

“Sasa umekataa kwa nini?”

“Kwa sababu naweza.”

Mkuu ndiye aliyeanza kucheka, kisha chumba kizima. Shemeji hakucheka. Alikuwa amenielekezea uso wake, ananisikiliza, na nikaelewa kwamba hajamaliza, anangoja kusikia nitasema nini. Niligeukia kibodi yangu, nikaandika ile amri upya tangu herufi ya kwanza, nikaituma kwake, nikakunja mikono kungoja.